Homoni ya mimba inapoichokoza tezi ya shingo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mimba zabibu, saratani na thairoidi

Wengi wanaotuuliza maswali haya wametoka hospitali na karatasi mbili zinazoonekana haziongei lugha moja. Moja inasema thairoidi iko juu. Nyingine inasema mimba ina tatizo, au, kwa kijana wa kiume, kuna uvimbe kwenye korodani. Mgonjwa anajiona amepata magonjwa mawili kwa mpigo. Mara nyingi ni moja tu.

Thairoidi na mimba vinakutana wapi?

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Inatengeneza homoni za T4 na T3, ambazo ndizo zinazopanga mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, joto liwe kiasi gani, chakula kiunguzwe haraka au polepole. Tezi hii haijiamulii. Inangoja amri kutoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na amri hiyo ni homoni iitwayo TSH.

Mwanamke akishika mimba, seli zinazojenga kondo la nyuma huanza kutoa hCG, ile homoni inayosomwa na kijiti cha mkojo. Sasa hCG na TSH ni ndugu wa karibu. Kila moja imejengwa kwa minyororo miwili ya protini, na mnyororo wa kwanza, alfa, wenye amino asidi 92, ni uleule kwa zote mbili. Wanatofautiana kwenye ule wa pili, beta, na hata huo wa pili una sura za kufanana.

Kwa hiyo hCG ikipita mbele ya mlango wa TSH kwenye thairoidi, inaweza kupiga hodi. Ila hodi yake ni ya chini mno. Mtu mmoja akibisha hivyo usiku hutaamka. Wakija watu laki mbili, kila mmoja na hodi yake ndogo, nyumba nzima itakuwa macho. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa ndio huo: tezi nzima, isiyo na kosa, inaitikia kelele za mlangoni.

Basi kila mjamzito thairoidi yake hupanda?

Kidogo, ndiyo. Kati ya wiki ya 8 na ya 11 hCG hufika kileleni, na ukipima TSH wakati huo utaikuta imeshuka kuliko kawaida. Pituitari imeona T4 inatosha, ikanyamaza. Wanawake wachache, wastani wa 1 hadi 3 kati ya 100, hupanda kiasi cha kuonekana kwenye vipimo, na wengi wao ni wale wa kutapika kupita kiasi au wenye mimba ya mapacha. Hao kwa kawaida hawahitaji dawa za thairoidi. Wanahitaji maji, dawa ya kutapika na muda. hCG ikishuka katikati ya mimba, mambo yanatulia yenyewe.

Na mimba zabibu ni nini hasa?

Ni mimba ambayo kondo limekua bila mpangilio na mtoto hakuumbika, au aliumbika kwa kasoro ambayo karibu kila mara haimwachi kuishi. Ile kamili huanza pale mbegu ya baba inapoingia kwenye yai ambalo kiini chake hakipo. Mbegu inajirudufu, na kinachokua kina kromosomu 46 kama binadamu yeyote, ila zote zimetoka kwa baba. Mara chache ni mbegu mbili zilizoingia kwa pamoja. Ile isiyo kamili ina seti tatu badala ya mbili, yaani kromosomu 69.

Jina limepatia. Ukiona kilichotolewa kikiwa kwenye beseni la chuma, unaona vifuko vya maji vinavyopitisha mwanga, vingine kama punje ya mtama, vingine kama zabibu yenyewe, vinaning'inia kwenye vikonyo vyembamba. Hizo ni nyuzi za kondo zilizovimba. Na seli zinazozizunguka ndizo kiwanda cha hCG. Mimba ya kawaida ina kiwanda chenye msimamizi, hii haina.

hCG inatakiwa ifike ngapi ndipo thairoidi iathirike?

Hakuna mstari mmoja uliochorwa. Kwa wanawake, tezi huanza kuonyesha dalili hCG inapopita vizio (IU) 200,000 kwa lita ya damu na kukaa huko juu kwa wiki kadhaa. Mimba zabibu kamili inaweza kufika hata milioni. Mimba ya kawaida kwa wengi huishia kwenye makumi ya maelfu, au laki moja na kitu pale kileleni.

Lakini watu wawili wenye namba ileile wanaweza kutofautiana, kwa sababu hCG yenyewe si ya aina moja. Ina vipande vya sukari vilivyoshikizwa juu yake, na vikipungua, homoni hiyo huishika thairoidi kwa nguvu zaidi. Vilevile mlango wenyewe unaweza kuwa na hitilafu ya kuzaliwa. Mwaka 1998 walielezwa mama na binti yake ambao kila wakishika mimba thairoidi yao ilipanda, ingawa hCG yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Herufi moja kwenye jeni ya mlango wa TSH ilikuwa imebadilika, na tezi zao zikawa zinasikia hodi ambayo wengine hawaisikii.

Dalili zake ni zipi?

Moyo kwenda mbio hata ukiwa umekaa, mikono kutetemeka, joto na jasho wakati wenzako wanajifunika, kukonda, kukosa usingizi, choo laini cha mara kwa mara. Juu ya hizo zipo za mimba yenyewe: damu ukeni, wakati mwingine na vifuko vidogo ndani yake, kutapika kusikoisha, tumbo kubwa kuliko umri wa mimba, presha kupanda kabla ya wiki 20, jambo ambalo katika mimba ya kawaida ni nadra sana.

Tatizo ni kwamba mjamzito yeyote anatapika, anachoka na anahisi joto. Ndiyo maana mama anaambiwa "ni mimba tu hiyo, vumilia". Kinachotakiwa kumshtua mhudumu ni mapigo. Mapigo ya 120 kwa mtu aliyelala kitandani, asiye na homa wala upungufu wa maji wala damu, yanadai maelezo.

Siku hizi wengi hugundulika mapema kwa picha ya utrasaundi, kabla hCG haijafika mbali, kwa hiyo mwenye thairoidi iliyopaa kabisa anaonekana mara chache kuliko zamani. Anayechelewa kufika kliniki ndiye bado yumo hatarini.

Nimepima mkojo, kijiti kinasema sina mimba. Si tumeshaondoa uwezekano huo?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo ningependa wahudumu wa zahanati walisome mara mbili.

Kijiti kinafanya kazi kwa kuibana hCG katikati ya kingamwili mbili: moja imegandishwa kwenye mstari, nyingine inaelea na rangi. hCG ikiwa ya kiasi, inashikwa na zote mbili kama mkate wenye siagi katikati, na rangi inabaki kwenye mstari. hCG ikiwa nyingi kupindukia, kila kingamwili inapata hCG yake peke yake. Zinajaa zote, hakuna cha kubanwa katikati, na rangi inapita zake. Mstari unatoka hafifu sana au hautoki kabisa. Wataalamu wa maabara huuita mtego wa ndoano, kwa sababu mchoro wa majibu hupanda kisha hujikunja kurudi chini kama ndoano ya kuvulia samaki.

Tuseme binti wa miaka 17 amekuja anatoka damu, tumbo lake linafika kitovuni, moyo unapiga 130, na kijiti ni hasi. Usimrudishe nyumbani. Chukua mkojo uleule, weka tone moja kwenye matone mia ya maji safi, pima tena. Mstari ukitokea mwekundu wa kukoza, umepata jibu kwa gharama ya kijiti cha pili. Mashine ya damu nayo hunaswa kwenye mtego huohuo, hivyo mwambie mtu wa maabara unashuku nini, ili azimue sampuli.

Watajuaje kama si ugonjwa wa Graves, ambao ndio wa kawaida zaidi katika kupandisha thairoidi?

Kwenye karatasi ya thairoidi magonjwa haya mawili yanafanana: TSH imezama, T4 imepaa. Tofauti ziko pembeni. Graves huvimbisha shingo na mara nyingi hutoa macho nje. hCG haitoi macho, na goita ikiwepo ni ndogo. Graves huletwa na kingamwili zinazoshambulia mlango wa TSH, na kingamwili hizo zinapimika. Kwenye tatizo la hCG hazipo. Na hCG huja ghafla, ndani ya wiki chache, kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na historia ya tezi.

Kanuni yangu ni fupi: mwanamke wa umri wa kuzaa ambaye thairoidi yake ndiyo kwanza imepanda apimwe hCG kabla ya kuandikiwa dawa. Mara nyingi itakuwa hasi, na hakuna aliyepoteza kitu.

Na jambo dogo: ukimeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini) nyingi, vinaweza kuidanganya mashine ya maabara ikaonyesha thairoidi iko juu wakati haiko. Viache siku mbili tatu kabla ya kipimo, na useme kwamba unavitumia.

Mimi ni mwanaume. Hii inanihusu nini?

Inakuhusu. Baadhi ya saratani za korodani, hasa zenye seli za koriokasinoma (saratani ya seli kama zile zinazojenga kondo), hutoa hCG kwa wingi kama kondo la nyuma. Kijiti cha mimba cha mwanaume huyo kinaweza kuwa chanya, na watu wamecheka kabla ya kuelewa kwamba si kichekesho. hCG ikizidi 50,000, thairoidi yake nayo huwa hatarini kuamka.

Dalili za kumfikisha hospitali ni uvimbe mgumu usiouma kwenye korodani moja, matiti kuvimba na kuuma, mgongo wa chini kuuma. Wengi ni vijana wa miaka 20 hadi 40, na wengi wao waligusa ule uvimbe miezi kadhaa kabla ya kumwambia mtu. Matibabu ni kutoa korodani yenye ugonjwa na kupewa dawa za saratani kwa dripu. Saratani hizi huitikia dawa vizuri kuliko nyingi, hata zikiwa zimesambaa. Kabla ya dawa, uliza kuhusu kuhifadhi mbegu.

Nilijifungua salama miezi sita iliyopita. Sasa nakohoa damu, nimekonda, moyo unakimbia. Nimeambiwa ni TB.

Inaweza kuwa TB kweli. Hapa kwetu kukohoa damu, kukonda na jasho la usiku lazima kufikirishe TB kwanza, wala simlaumu aliyekuambia hivyo. Lakini koriokasinoma hufanya mambo hayohayo. Inaweza kuanza baada ya mimba zabibu, baada ya mimba kuharibika, na hata baada ya kujifungua mtoto mzima wa afya, miezi au miaka baadaye, na inapenda kwenda kwenye mapafu. Kama makohozi hayaonyeshi vijidudu vya TB, au unatokwa na damu ukeni isiyoeleweka, omba wapime hCG. Ni kipimo cha damu cha kawaida tu.

Na kama kuna kivimbe cha rangi ya zambarau ukeni, kisikatwe ili kupelekwa patholojia, maabara inayochunguza vipande vya nyama ya mwili. Vivimbe vya ugonjwa huu vimejaa mishipa na vinaweza kutoa damu isiyozuilika. hCG, historia na picha vinatosha kuanzisha matibabu.

Nitakatwa tezi? Nitapewa mionzi ya ayodini?

Hapana kwa yote mawili. Tezi yako ni nzima. Ukiondolewa, utabaki unameza vidonge maisha yako yote kwa sababu ya kosa la kondo.

Kama dawa ni kutoa mimba zabibu, kwa nini hawanisafishi leo?

Kwa sababu moyo wako hauko tayari kwa nusukaputi. Mtu mwenye thairoidi iliyopaa akipelekwa chumba cha upasuaji bila maandalizi anaweza kuingia kwenye dhoruba ya thairoidi: joto linapanda kupita 39, mapigo yanavuka 140, anachanganyikiwa, moyo unashindwa na maji yanajaa mapafuni. Hiyo inaua.

Kwa hiyo kwanza anapewa propranolo ya kutuliza moyo na mtetemeko (mwenye pumu aseme mapema, kwani inaweza kumbana kifua), kisha dawa ya kuzuia tezi isitengeneze homoni mpya, yaani kabimazo au propilthiourasili. Kama kuna haraka, huongezewa matone ya ayodini ya Lugol, ambayo huizuia tezi kumwaga akiba yake. Matone haya hufuata angalau saa moja baada ya dawa ya kwanza. Ukiyatanguliza, unaipa tezi malighafi. Steroidi huweza kuongezwa, na damu ya kuongezewa huwekwa tayari, kwa sababu mfuko wa uzazi mkubwa wa mimba zabibu hutoa damu nyingi.

Kama damu inatoka kwa wingi, hawangoji: maandalizi hufanywa kwa saa, si kwa siku. Njia yenyewe ni kufyonza kwa pampu. Kuchokonoa kwa chuma chenye ncha kunaweza kutoboa mfuko wa uzazi uliolainika.

Baada ya kusafishwa, thairoidi hurudi lini?

Haraka, na ni jambo la kufurahisha kulishuhudia. hCG huanza kushuka siku ileile. T4 hudumu kwenye damu kwa siku kadhaa, kwa hiyo mapigo hutulia ndani ya siku chache na T4 hufika kawaida ndani ya wiki mbili tatu. TSH huwa ya mwisho kuamka. Isikutishe ikiwa bado chini wakati wewe unajisikia mzima. Dawa za thairoidi husimamishwa mapema. Asiyerudi kupima huendelea kuzimeza hadi tezi ikalala, akaanza kuvimba na kuhisi baridi.

Ukiwa kwenye kabimazo ukapata homa na koo kuuma, acha dawa na ukapime damu siku hiyohiyo. Mara chache hushusha chembe nyeupe kufikia kiwango cha hatari.

Mbona naambiwa nirudi kila wiki wakati nimepona?

Kwa sababu kati ya wanawake 100 waliopata mimba zabibu kamili, 15 hadi 20 hubaki na seli zinazoendelea kukua. Kwa ile isiyo kamili ni wachache zaidi. Hakuna atakayezijua kwa kukutazama. Zinajulikana kwa hCG tu: inapimwa kila wiki hadi iwe ya kawaida mara tatu mfululizo, kisha kwa mimba zabibu kamili kila mwezi hadi miezi sita. Katika muda huo tumia uzazi wa mpango unaouamini, kwani mimba mpya itapandisha hCG na hakuna atakayejua inatoka wapi. Uingereza wanawake hawa wamekuwa wakiandikishwa kwenye mpango mmoja wa taifa tangu 1973. Hapa kwetu mara nyingi daftari ni lako mwenyewe. Andika tarehe na namba, na upime maabara ileile ukiweza.

hCG imepanda tena. Ndiyo nimekwisha?

Hujaisha. Hii ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kuliko zote. Mwaka 1956, huko Bethesda, Marekani, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz walitumia dawa ya metotrekseti kwa koriokasinoma iliyosambaa, na wagonjwa wakapona. Ilikuwa mara ya kwanza uvimbe mgumu wa saratani kuponywa kwa dawa peke yake. Li alisisitiza kuendelea na dozi hata picha zikiwa safi, hadi hCG iishe. Alifukuzwa kazi kwa ajili ya msimamo huo. Leo ndio utaratibu wa dunia nzima.

Hertz huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliotangaza mwaka 1963 kwamba wagonjwa hawa wana thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Kwa miaka kadhaa baadaye watafiti waliamini kondo la mimba zabibu linatengeneza TSH yake maalumu. Jerome Hershman na wenzake, waliokuwa wakiitafuta, walikiri mwaka 1975 kwamba "TSH" hiyo ilikuwa hCG yenyewe.

Wenye hatari ndogo hupewa metotrekseti peke yake na karibu wote hupona. Wenye hatari kubwa huchanganyiwa dawa kadhaa. Tanzania, taasisi ya taifa ya saratani ni Ocean Road, Dar es Salaam. Usiogope barua ya rufaa ikikutaja huko.

Wakwe wanasema nimeleta mkosi. Wengine wanasema ni sindano ya uzazi wa mpango.

Si sindano, si mkosi, si ulichokula. Na kabla hujamgeukia mume kwa kuwa kromosomu zote ni zake: naye hana kosa, yai ndilo lilikuwa tupu, na hakuna aliyelichagua. Hutokea zaidi kwa wasichana wadogo sana na kwa waliovuka miaka 40.

Nitazaa tena?

Wengi sana huzaa, hata waliopewa metotrekseti. Uwezekano wa mimba zabibu kurudi ni kama 1 kati ya 100. Mimba ijayo piga utrasaundi mapema.

Nikija kliniki nibebe nini?

Karatasi zote za hCG kwa mpangilio wa tarehe, majibu ya thairoidi, majibu ya patholojia ya kilichotolewa (kama hukupewa, kayaombe, ni yako), na dawa zote unazomeza zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na zile za nywele. Lakini ukiwa na homa na umechanganyikiwa, pumzi inabana, unakohoa damu, au pedi inalowa ndani ya saa moja, usisubiri siku ya kliniki wala usitafute karatasi. Nenda mapokezi ya dharura na useme maneno mawili: mimba zabibu.